Ahadi ya Matembezi ya Disemba



Shule zimefungwa, na kila nyumba yenye watoto imekwisha kuulizwa swali moja: twaenda wapi? Jibu la mzazi aliyechoka huwa jepesi. Husema, "Nitawapeleka Haller Park, inshaallah," kisha hurudi kwenye kahawa yake. Kabla kikombe hakijapoa yeye amekwisha kusahau. Mtoto hasahau. Atawaambia wenziwe wa mtaani, atahesabu siku, na tarehe 31 ikipita bila ya safari hatalia. Atanyamaza tu, na mwakani hatauliza.

Jambo hili twalitaja mwanzo kwa sababu ndilo zito kuliko nauli na viingilio. Neno inshaallah limekuwa kwa baadhi yetu njia ya adabu ya kusema hapana. Imepokewa na Abu Dawud kwamba mama mmoja alimwita mwanawe aje ampe kitu, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamuuliza alikusudia kumpa nini. Mama akajibu kuwa ni tende. Akaambiwa kwamba lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo. Ikiwa hiyo ni hukumu ya tende, basi na tuipime wenyewe hukumu ya safari nzima iliyoahidiwa mbele ya watoto watano.

Kwa hiyo mashauri huanza baina ya baba na mama, watoto wakiwa wamelala. Kwanza ihesabiwe Januari: karo, sare, vitabu, viatu. Fedha hizo zitengwe, zisiguswe. Kitakachosalia ndicho cha matembezi, na kikiwa hakitoshi, watoto waambiwe ukweli mapema na wapelekwe pahala pasipo na kiingilio. Ufuo wa Jomo Kenyatta kule Bamburi haujawahi kumdai mtu shilingi kwa kuutazama. Kukopa kwa ajili ya matembezi hatukuafiki hata kidogo. Deni la furaha ya siku moja hulipwa kwa ugomvi wa miezi.

Katika kuhesabu vichwa, wengi huteleza kwa wageni. Disemba ndio mwezi wa jamaa kurejea kutoka Muscat, Dubai na London, na ukarimu wetu hutusukuma kusema, "Sote twende." Lakini viingilio vya mwananchi si sawa na vya mgeni wa kutoka nje, na binamu aliyezaliwa Uingereza ni mgeni langoni japokuwa kwa bibi yake ni mjukuu. Afadhali mazungumzo ya nani atamlipia nani yafanyike sebuleni kuliko dirishani pa tiketi, foleni ikiwa nyuma yenu. Kila mtu mzima na achukue kitambulisho chake. Na kama katika ukoo mna mtoto yatima, yeye na ahesabiwe mwanzo, asiongezwe mwisho kwa kuwa kiti kimebaki.

Twaulizwa pia kuhusu siku yenyewe: je, Muislamu akitoka na watoto wake tarehe 25 atakuwa amesherehekea Krismasi? Jawabu letu ni kwamba mapumziko hayo yametolewa na serikali kwa raia wote, na kumtazama twiga si ibada ya mtu yeyote. Hatumlaumu aliyekosa siku nyingine kwa sababu ya kazi. Lakini kwa aliye na hiari, twashauri siku hiyo na ya kesho yake aziache. Ni siku za jirani zetu Wakristo. Watoto wao wamezingoja kama wetu wanavyoingoja Idd, tunapoujaza uwanja wa Makadara na ufuo wa Mama Ngina, nao hutuachia nafasi. Tena siku hizo treni ya SGR huwa imekwisha kuwateremsha Miritini wageni wa kutoka bara, barabara ya Malindi husongamana, na nauli za matatu hupanda. Jumanne au Jumatano ya katikati ya mwezi, kabla ya msongamano huo, utapata wanyama walewale kwa utulivu zaidi.

Tumeitaja Haller Park, na wako watakaosema kwamba watoto wanataka bustani za mitelezo ya maji. Hatuna ugomvi na maji. Ulizeni tu kabla ya kulipa: mavazi ya stara ya kuogelea yanaruhusiwa? Iko sehemu au saa ya wanawake? Nani humwangalia mtoto asiyejua kuogelea? Mkijibiwa kwa kusitasita, bakini na fedha zenu. Bustani ya Bamburi ina faida moja ambayo mitelezo haina: mtoto hutoka na hadithi, sharti mzazi awe anaijua.

Pale palikuwa shimo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, kilichoanza kuzalisha mwaka 1954, kilichimba mawe ya matumbawe hata ikabaki ardhi nyeupe isiyo na udongo wala kivuli, na maji ya chini yake yana chumvi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kujaribu kuotesha miti humo. Aina 26 zilipandwa, na ni chache mno zilizoshika. Uliofana zaidi ni mvinje, mti huuhuu tunaouona ufuoni. Mivinje ikakua, lakini majani yake yaliyoanguka hayakuoza. Yakawa yanalundikana tu juu ya jiwe. Dawa yake ilikuwa jongoo. Majongoo wakaletwa, wakayala majani yale, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo, na udongo ukakaribisha miti mingine. Wahenga husema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Hapa aliyemwokota jongoo aliokota na msitu. Mwambieni mtoto habari hii kabla hajaingia, kisha mtazameni atakavyoinama kumtafuta jongoo, ilhali nyumbani humkimbia.

Hadithi ya pili ni ya msimu huu hasa. Tarehe 26 Disemba 2004 tsunami iliyoanzia Sumatra ilifika hata pwani yetu. Mtoto wa kiboko, ambaye mto Sabaki ulikuwa umemsukuma baharini pamoja na wenziwe, akabaki pekee juu ya mwamba karibu na Malindi. Watu walimnasa kwa nyavu kwa taabu kubwa, akapelekwa Haller Park, akapewa jina la Owen, ambalo ni la mmoja wa waliomwokoa. Alipofunguliwa alimwendea kobe mkubwa wa asili ya Aldabra, aitwaye Mzee, akajificha nyuma yake. Kobe mwanzo alimkwepa, kisha akamzoea, wakawa wanakula na kulala pamoja. Baadaye Owen alitengwa ili aishi na kiboko mwenziwe. Watoto watauliza mamake alikwenda wapi. Yule yatima tuliyemtaja akiwa pamoja nanyi, simulieni kwa upole, wala msimfanye yeye kuwa mfano mbele ya wenziwe.

Twiga hulishwa asubuhi na tena alasiri, na mtoto huweza kumlisha kwa kiganja chake. Huo ulimi mrefu wa kijivu hauna mpinzani katika simu yoyote ya nyumbani. Ipangeni siku kwa kuifuata sala, nayo itajipanga vizuri. Mwisho wa Disemba adhuhuri ya Mombasa huingia kiasi cha saa sita na dakika ishirini, na alasiri karibu na saa kumi kasorobo. Aliyefika saa tatu ana muda wa kutosha kuzunguka kabla jua la kaskazi halijawa kali, kisha familia itoke, iswali, ile, na kupumzika. Wa Likoni au Majengo hawapungui sala kwa safari hii, kwani masafa hayafiki. Wasije wakajihesabu wasafiri kwa kuwa wamepanda matatu mbili. Aliyetoka Lamu ana hukumu nyingine. Chukueni mswala mwepesi na chupa ya maji ya kutawadhia.

Mahamri, kachori na viazi karai vipikwe nyumbani, na langoni muulize panaporuhusiwa kuliwa. Chakula cha nje ndicho kinachovunja hesabu iliyofanywa kwa uangalifu wiki nzima. Akina mama nao waonewe huruma: si haki mama aamke saa tisa za usiku kukanda unga, abebe kikapu, amfute pua kila mtoto, kisha baba apige picha. Baba na ashike kikapu.

Bibi naye asiachwe kwa hoja kwamba miguu yamuuma. Muulizeni mwenyewe. Ajibu kuwa ataka kwenda, msafara uende kwa mwendo wake, na vivuli vya mivinje ni vingi vya kumkalisha huku vijana wakizunguka na kurejea kumsimulia. Atokaye kusini na avuke feri ya Likoni mapema, kwani waendao kwa miguu hawalipi kitu, kisha ashike matatu ya Mtwapa upande wa mjini. Wakati wa kurudi, tokeni saa kumi na moja. Magharibi huingia kiasi cha saa kumi na mbili na nusu, na kuanzia hapo magari ya kuelekea mjini hujaa, na mtoto aliyelala begani huwa mzito mara mbili.