Insulini Jimuni: Kinga Iwekwe Wapi?

Swali la nani auziwe insulini, na kwa masharti gani, huonekana dogo mpaka ikumbukwe kwamba kichupa kile kile kinachomweka hai mtoto mwenye kisukari kinaweza kumuua kijana mwenye afya njema kwa muda wa saa chache. Mjini Kampala, ambako mashindano ya Mr Kampala na Mr Uganda yamewajengea watunisha misuli jina, na ambako jimu zimeenea hadi mitaa ya watu wa kipato cha chini, swali hilo halina budi kujibiwa kabla ya mkasa, wala si baada yake. Mtaa wa Mengo, mjini humo humo, ni mahali panapostahili kuanzia, kwani huko ndiko Albert Cook, daktari wa misheni ya Kianglikana, alikoanzisha mwaka 1897 hospitali iliyo kongwe kuliko zote nchini Uganda, robo karne kabla ya insulini kuwa dawa. Katika miaka ile, mtoto ambaye kongosho lake limeacha kutoa insulini hakuwa na tiba popote duniani, isipokuwa kunyimwa chakula ili kifo kicheleweshwe kidogo. Hali hiyo ilibadilika tarehe 11 Januari 1922, Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14, alipodungwa sindano ya kwanza huko Toronto.

Insulini ni homoni, yaani kemikali inayotengenezwa na tezi na kusafirishwa na damu ili kuamuru kazi katika viungo vya mbali. Hutolewa na seli za beta za kongosho, tezi iliyo nyuma ya tumbo la chakula, kila mara sukari inapopanda katika damu baada ya mlo wa matoke au wali. Nayo huziwezesha seli za misuli na mafuta kuipokea sukari hiyo, huliagiza ini kuihifadhi kama glaikojeni, ambayo ni akiba ya wanga mwilini, na huzuia protini za misuli zisivunjwevunjwe. Kwa mtu mzima asiye na kisukari kongosho hupima lenyewe, kwa kuwa sukari inaposhuka, insulini nayo hupungua. Insulini ya sindano haina breki hiyo: ikishaingia chini ya ngozi huendelea na kazi yake hata kama damu imekaukiwa sukari.

Kinachowavutia watunisha misuli ni ule uwezo wa kulinda protini na kujaza glaikojeni, na wengi huichanganya na homoni ya ukuaji au steroidi. Hoja yao si ya kijinga, ila ina upungufu, kwa sababu misuli hujengwa kwa chakula chenye protini na mazoezi, na kongosho zima tayari hutoa insulini ya kutosha baada ya mlo. Ziada yake huhifadhi mafuta kwa bidii ile ile, jambo ambalo hakuna mshindani anayelitamani akiwa jukwaani.

Hatari yenyewe iko katika vipimo. Kichupa cha kawaida cha mililita 10 kina yuniti 1,000, yaani yuniti 100 katika kila mililita, na mgonjwa wa kisukari hutumia bomba maalumu lenye mistari ya yuniti. Anayechukua bomba la kawaida la mililita moja na kulijaza, akidhani amechukua kidogo, amejidunga yuniti 100 kwa mkupuo mmoja. Aina nazo hutofautiana: insulini ya kawaida iliyo angavu kama maji huanza kazi baada ya nusu saa hivi na kufikia kilele kati ya saa mbili na nne, ilhali ile yenye ukungu hudumu muda mrefu zaidi na inaweza kumkuta mtu usingizini. Sukari ya damu ikishuka chini ya milimoli 3 hivi kwa lita, jasho na mtetemeko hufuatwa na kuchanganyikiwa, degedege, kuzimia na pengine kifo, kwa kuwa ubongo hutegemea sukari ya damu karibu saa zote. Tena insulini huisukuma potasiamu kutoka katika damu kuingia kwenye seli, na mshindani aliyekwisha kumeza dawa za kukojosha ili ngozi ibane juu ya misuli huweza kuuvuruga mpigo wa moyo wake bila kujua chanzo.

Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipiga marufuku insulini kwa wasio na kisukari mwaka 1998, baada ya daktari wa timu ya Urusi kuuliza, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, iwapo inaruhusiwa, swali ambalo bila shaka lilizua maswali mengine. Mwaka 2003 jarida moja la tiba ya michezo la Uingereza lilichapisha habari za mtunisha misuli wa miaka 31 ambaye sukari yake ya damu ilishuka kwa kujidunga insulini. Marufuku, hata hivyo, hupwaya pasipo vipimo, na insulini iliyotengenezwa kufanana kabisa na ya binadamu ni ngumu kuitenganisha na ile ya mwili wenyewe.

Wapo watakaosema dawa ifungiwe kabatini. Nchini Uganda maduka madogo ya dawa yameruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari tu, kwa hiyo sheria si pengo kubwa. Na kila kikwazo kipya kwenye kaunta ya famasi kitamwangukia kwanza mzazi aliyesafiri kutoka kijijini, ambaye kukosa dozi za siku chache tu kunamaanisha mtoto kulazwa mahututi, huku kijana wa jimu akiipata kwa ndugu mwenye kisukari. Busara ni kuiweka kinga pale matumizi yanapoanza na pale yanapoharibikia. Makocha wafundishwe dalili za kushuka kwa sukari, na chumba cha dharura kimpime sukari kila kijana mwenye misuli anayeletwa akiwa amezimia au akiropoka kama mlevi, kisha kimshikilie kwa saa nyingi hata akiamka baada ya dripu ya glukosi, kwani insulini ya kudumu humwangusha tena. Hilo halitawezekana iwapo wenzake watanyamaza kwa kuogopa adhabu, maana rafiki aliyembeba kwenye boda boda ndiye pekee anayejua ni aina gani iliyodungwa, kiasi gani na saa ngapi, na muuguzi anahitaji majibu hayo matatu mara moja.