UPENDO WA JUMAPILI NA UKALI WA JUMATATU

Ndugu Wanachama,

Naomba nafasi kidogo katika karatasi yetu niseme neno ambalo huenda likawachoma baadhi yenu. Mimi mwenyewe limekwisha kunichoma.

Karani mmoja, mwenzetu, alilala hospitali majuma matatu, mbali na kwao. Katika mji ule makarani Wakristo tulikuwa wengi, na kila Jumapili tulijaza viti vya mbele kanisani. Aliyekwenda kumtazama ni jirani yake, mpishi, Mwislamu, aliyempelekea uji kila jioni. Sisi tuliulizana kwanza: Ni kabila gani? Ni wa misheni ipi? Tulipokwisha kupata majibu, tulikwenda kuzika. Mjane wake naye akazunguka miezi minne akitafuta haki ya marehemu, na waliomwambia "Njoo kesho" walikuwa makarani, ndugu wa mumewe katika Bwana. Mmoja wao ni mimi niandikaye.

Basi nauliza, Ukristo huu tumeufunzwa na nani? Wengine husema upendo ni jambo la moyoni, haliandikwi katika daftari. Na wasome Matendo ya Mitume, mlango wa 6. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaambia wajane wavumilie, wala hawakuwakemea walionung'unika. Waliita mkutano, wakachaguliwa watu saba wenye sifa njema kusimamia kazi hiyo. Na majina yote saba ni ya Kiyunani. Yaelekea walichaguliwa miongoni mwa upande ule ule uliodhulumiwa. Hiyo, ndugu, ni kazi ya karani hasa: kujua nani amepata na nani hajapata.

Wengine husema, "Nianze na watu wangu." Kuanza si vibaya, ubaya ni kuishia hapo. Katika karne ya 3 ugonjwa mkuu wa kuambukiza uliingia Carthage, mji wa Afrika ya Kaskazini. Wakristo wa huko walikuwa wametoka katika mateso ya Kaisari Decius ya mwaka 250, na baadhi ya majirani zao walikuwa wamefurahia mateso hayo. Hata hivyo Askofu wao Cyprian aliwafundisha kwamba kuwatunza Wakristo wenzao tu si ajabu. Wawatendee mema hata maadui. Wenye mali wakatoa mali, na maskini wakatoa nguvu zao. Cyprian mwenyewe aliuawa kwa ajili ya imani mwaka 258. Huyo alikuwa Mwafrika. Tusiseme basi kwamba jambo hili ni la wageni.

Wengine tena husema, "Mshahara hautoshi." Ni kweli hautoshi. Lakini kumwandikia mjane barua yake kwagharimu senti ngapi? Kumpa kiti akae, kulitafuta faili lake leo wala si kesho, kwapunguza mshahara kiasi gani? Maskini wa Carthage hawakuwa na fedha, walikuwa na mikono. Sisi tuna kalamu.

Wala tusisahau asili yetu. Chama cha watumishi Waafrika wa Serikali kilichoanzishwa Tanga mwaka 1922, kwa uongozi wa Martin Kayamba, kiliwakusanya Wakristo na Waislamu pamoja. Je, tulio warithi wao tutarudi kuulizana misheni mlangoni pa hospitali?

Nashauri mambo mawili. Kwanza, kila tawi lichague watu wawili wa kuzuru wagonjwa, wasiulize kabila wala dini. Pili, mwanachama akifa, karani mmoja aandikwe kwa jina kufuatia hati za mjane mpaka mwisho, na kila mkutano aulizwe amefika wapi.

Asiyekubali na ajibu katika karatasi hii hii. Lakini kabla hajashika kalamu, na aende kwanza hospitali, akaone ni nani amelala peke yake.

Ni mimi mwanachama mwenzenu,
KARANI MZEE