Ukiumwa na mbwa, mchunguze wakili kabla ya kutia saini

MTU aliyeumwa na mbwa wa jirani huwa bado anakamilisha chanjo ya kichaa cha mbwa na kujaziwa fomu ya P3 madalali wa mawakili wanapomvamia. Humwahidi kwamba atalipa tu akishinda kesi. Ahadi hiyo, tamu kwa aliyefilisiwa na bili za hospitali, ni batili kwa mujibu wa kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili. Heri aulize Chama cha Mawakili nchini (LSK) iwapo wakili huyo ana leseni ya mwaka huu. Isitoshe, dai lisilozidi Sh1 milioni anaweza kulipeleka mwenyewe katika Mahakama ya Madai Madogo, mradi miaka 3 haijapita tangu aumwe.