Mbwa ni wako, lakini anamtii nani?

Rafiki yangu aliibiwa mapema mwaka huu. Wezi walikata vyuma vya dirisha, wakabeba televisheni, laptopu na hata mtungi wa gesi. Anaishi peke yake Kitengela, kwenye nyumba ya kupanga yenye ua mdogo na chumba cha nje. Kwa wiki kadhaa alikuwa akilala taa zikiwaka. Ndipo akanunua mbwa, German Shepherd, akamwita Simba. Hapo sina neno. Kila mtu ana haki ya kupata usingizi kwake.

Neno langu ni kuhusu jamaa aliyekuja baada ya Simba. Rafiki yangu alimpata kwenye TikTok. Video zake ni moto: mbwa wanaruka kuta, wanalala chini wakiamriwa, muziki nao unadunda. Jamaa alisema kumfunza Simba kutachukua miezi sita, na lazima aishi hapo hapo, ale hapo, alipwe kila mwisho wa mwezi. Sasa analala chumba cha nje na ana ufunguo wa geti.

Nilienda kuwatembelea Jumapili moja, na chai sikuimaliza. Simba ana miezi saba tu. Jamaa alipoinua mkono, mbwa alijikunyata, akaficha mkia, akakojoa papo hapo. Rafiki yangu alipomwita, Simba alimtazama jamaa kwanza, kama anayeomba ruhusa. Nikauliza kulikoni. Nikaambiwa mwenye mbwa haruhusiwi kumlisha wala kucheza naye hadi mafunzo yaishe, eti "atamharibu". Halafu jamaa akanitupia methali: samaki mkunje angali mbichi. Sawa, buda, lakini kumkunja si kumvunja.

Hebu tuulizane. Siku wakikosana kuhusu pesa, Simba atamtii nani usiku wa manane? Mbwa hasomi risiti. Hajui nani alimnunua. Anamjua anayempa chakula, anayetembea naye na anayempa amri. Ukitolewa katika hayo yote, unamlipa mtu afuge mbwa wake kwako. Na mtu huyo ana ufunguo, anajua unatoka na kurudi saa ngapi, na ndiye pekee ambaye mbwa hatambwekea.

Kuna watakaosema mbwa wa ulinzi hafunzwi kwa kubembelezwa. Mwaka 2020, watafiti nchini Ureno walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu mbwa 92 wa nyumbani. Waliofunzwa kwa kufokewa na kuvutwa kamba kwa nguvu walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo kuliko waliofunzwa kwa kuzawadiwa. Na mbwa anayeishi kwa hofu anaweza kumuuma yeyote: mtoto wa jirani, anayekuja kusoma mita, hata mwenye nyumba. Isitoshe, kumpiga na kumtesa mnyama ni kosa hapa Kenya chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360.

Simdharau jamaa kwa kukosa cheti. Mimi mwenyewe niliacha chuo kabla ya kumaliza, na najua mtu anaweza kuimudu kazi bila karatasi. Lakini asiye na karatasi huwa na watu. Wako wapi wateja watatu aliowafanyia kazi, tuwapigie simu? Kiko wapi cheti cha polisi cha maadili mema, kama anavyoulizwa hata bawabu? Nilimuuliza kama Simba amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, akacheka, akasema hiyo ni kazi ya daktari. Ni kweli, kuchanja ni kazi ya daktari. Lakini mkufunzi anayeshinda na mbwa kutwa bila kujali kama amechanjwa hajali hata mikono yake mwenyewe. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huishia kwa kifo.

Mkufunzi mzuri humfunza mbwa na mwenye mbwa pamoja. Anakuja mara mbili tatu kwa wiki, anakuwekea kamba mkononi, anakusahihisha unapokosea, kisha anaenda kwake. Lengo lake ni siku moja usimhitaji tena. Huyu wa Kitengela anahakikisha siku hiyo haifiki.

Nilimwambia rafiki yangu haya yote. Alinisikiliza, kisha akasema, "Wewe hukuwa hapa usiku ule." Sikuwa na jibu, maana ni kweli sikuwa. Woga wake siubishii. Ninachobisha ni kumkabidhi mtu tusiyemjua nyumba nzima kwa sababu ya woga huo.

Kwa hivyo nimemwomba jambo moja tu. Jumamosi hii amtume jamaa sokoni, achukue kamba mwenyewe, atoke nje ya geti na amwite Simba kwa jina. Asipokuja, atakuwa amepata jibu kabla ya kulipa mshahara wa mwezi ujao.