Karai, Zebaki na Haki ya Mwenye Kazi



Likizo ya Agosti imekaribia, na jamaa zetu walioozesha binti zao huko magharibi wameanza kufunga mizigo ya Busia na Port Victoria. Mwaka huu wapo kina mama wanaouliza jambo lisilo la kawaida kwetu sisi watu wa pwani: je, inafaa kuwapeleka watoto kuosha dhahabu mitoni, kama tulivyofanya sisi mwaka jana tulipokuwa kwa wakwe zetu? Nasema inafaa, na ina raha yake. Lakini liko jambo moja ambalo mama hana budi kulijua kabla hajavua viatu, nalo ni zebaki.

Kwanza tuelewane juu ya mahali. Port Victoria ni mji mdogo wa wavuvi, kando ya ziwa. Wapimaji wa reli katika miaka ya 1890 waliudhania kuwa ndio mwisho wa njia itokayo Mombasa. Reli ikaishia Kisumu mwaka 1901, na mji ukabaki na samaki wake. Msiitafute dhahabu ufuoni pale. Vilima vya Samia vilivyo jirani ni vya chuma, na wahunzi wa Kisamia walisifika kwa majembe yao tangu zamani. Dhahabu imo katika mwamba wa kale unaoanzia pande za Kakamega, ukapitia Siaya na Busia, ukavuka mpaka hadi Tiira nchini Uganda. Dhahabu ya Kakamega ilipovuma mwaka 1931, walowezi walimiminika huko, na mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikaibadilisha sheria iliyokuwa imeipitisha mwaka 1930 kuwahakikishia wenyeji ardhi yao. Ahadi iliishi miaka miwili. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952, wazungu wakaondoka, na kazi ikabaki kwa wenyeji, wengi wao wanawake wenye karai.

Sisi tulikwenda kwenye kijito kimoja cha upande wa Siaya, tukiongozwa na shemeji yetu. Aliyetufundisha ni mama wa makamo ambaye kazi hiyo ndiyo inayomlisha yeye na wanawe. Changarawe huchotwa nyuma ya jiwe kubwa au kwenye kona ya ndani ya mkondo, mahali maji yanapopungua nguvu na kutua mzigo wake. Karai huzamishwa na kutikiswa ili kilicho kizito kizame, kisha huinamishwa na kuzungushwa polepole ili maji yachukue kilicho chepesi. Siri yote ni uzito: dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji ya ujazo ule ule, ilhali mchanga wa kawaida haufiki mara tatu. Mwishowe hubaki mchanga mweusi wa chuma chini ya karai, na ndani yake, kwa mwenye bahati, chembe moja au mbili za manjano.

Binti yetu mdogo alipiga kelele za furaha mara nne, na mara zote nne ulikuwa ni ulanga. Ulanga humeremeta juani na kufifia kivulini. Dhahabu haibadiliki rangi, uiweke juani au kivulini. Ukiudunga ulanga kwa sindano huvunjika vipande, na dhahabu hubonyea. Asubuhi nzima tulipata chembe saba, ambazo kwa pamoja zisingefunika ukucha wa mtoto. (Kwa kina dada wanaouliza habari ya mavazi: suruali pana ndani ya buibui inatosha, na kijito kina kona nyingi, wanaume wetu walikaa yao.)

Ilipofika adhuhuri, yule mama alifungua fundo la leso yake akatoa kichupa. Ndani yake mlikuwa na zebaki. Aliitia tone katika mchanga mweusi alioukusanya tangu alfajiri, akausugua kwa vidole vitupu, na zebaki ikazinasa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, ikawa donge la rangi ya fedha. Donge hilo huchomwa. Zebaki hupaa kwa mvuke, dhahabu hubaki. Nilimwuliza huchomea wapi. Akasema nyumbani, juu ya jiko lile lile la ugali. Binti yake alikuwa amesimama karibu naye, na mtoto mchanga mgongoni.

Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Huingia mapafuni, hufika kwenye ubongo na mishipa ya fahamu, na kwa mja mzito huvuka hadi kwa mtoto aliye tumboni. Kiasi kisichomwonyesha mama dalili yoyote chaweza kumdhuru mwanawe. Zebaki inayomwagika mtoni nayo hugeuzwa na vijidudu vya majini kuwa sumu ya namna nyingine, ikapanda kutoka kwa samaki mdogo hadi samaki mkubwa anayemla. Samaki wenye sumu ya namna hiyo ndio waliowadhuru watu wa Minamata, Japani, katika miaka ya 1950, na jina la mji huo likapewa mkataba wa mataifa wa mwaka 2013, unaozitaka nchi zenye wachimbaji wadogo kukomesha uchomaji wa donge hilo katika makazi ya watu na kuwalinda hasa watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa.

Kwa hiyo mgeni na aoshe kwa maji matupu, basi. Kichupa kikitokea, ondoa watoto. Na mwenye mimba au anayenyonyesha asikaribie kabisa mahali panapochomwa. Lakini kuondoka kimya kimya, umemwacha mwenzio na mjukuu wake motoni, sioni kama ni adabu ya mgeni. Tulizungumza naye. Alijua kwamba moshi ule ni mbaya. Alichosema ni kwamba bila zebaki hupoteza unga wa dhahabu ambao ndio karo ya shule. Hoja yake ni nzito. Kipo chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba, kinachoukamata mvuke na kuurudisha kuwa zebaki, na wachimbaji wa Benguet, Ufilipino, wametumia boraksi badala ya zebaki kwa miaka mingi. Shemeji aliahidi kumtafutia fundi wa kumchongea chombo hicho. Hata kuchomea nje, mbali na jiko na watoto, ni nafuu kuliko jikoni.

Sasa haki yake. Msinunue ndoo ya udongo usiooshwa kwa kutumaini kilichomo. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameikataza biashara ya udongo wa madini, kwa kuwa kilichomo hakijulikani. Mwajiri kwa asubuhi moja, kwa ujira uliotajwa kabla ya kazi, umlipe kabla hamjaachana, dhahabu ionekane isionekane. Tena hakikisheni ana kibali: Katiba ya Kenya huyahesabu madini kuwa mali ya umma, na Sheria ya Madini ya mwaka 2016 humtaka mchimbaji mdogo awe na kibali, na mfanyabiashara wa madini vilevile. Msivuke mpaka wa Busia na chembe za Tiira mfukoni. Na mashimo msiyasogelee. Mgodi wa Abimbo kule Bondo uliporomoka Desemba 2021 na kuua.

Zaka ya madini ya dhahabu kwa Shafi ni asilimia 2.5, pindi yanapofika nisabu, yaani gramu 85 hivi; mchezaji wa likizo hatafika huko. Linalowapata wengi ni la sonara. Ukiwa na dhahabu ghafi au bangili kuukuu, usiibadilishe kwa bangili mpya ukaongeza fedha juu, kwani dhahabu kwa dhahabu ni uzito kwa uzito, mkono kwa mkono. Uza ya kwanza, pokea fedha yako yote papo hapo, kisha nunua unayoitaka, kama Mtume (s.a.w.) alivyoelekeza kuhusu tende duni na tende nzuri.

Chembe zetu saba tulimwachia yule mama, mbali na ujira wake. Binti yetu alirudi pwani na ulanga. Walioniuliza juu ya zaka ya vito vinavyovaliwa, jibu lao ni juma lijalo, inshallah.