Tuombe Mahakama Inayomfuatilia Mraibu

Ndugu zangu wa Mombasa, Malindi, Lamu na popote unga wa heroini ulipoingia majumbani: kijana akikamatwa maskani na kete moja, tunaijua njia atakayopita. Seli, rumande, kesi, kisha gereza la Shimo la Tewa. Usiku wa pili arosto inamkamata: anatetemeka, machozi na kamasi vinamtoka pamoja, anatapika, mifupa inamuuma asipate pa kujilaza. Akifunguliwa anarudi maskani ileile, na mama anaanza tena kuficha sufuria zisiibwe.

Iko njia nyingine. Mwaka 1989, kokeini ilipokuwa imefurika Miami, Marekani, mahakama moja iliamua kumsimamia mraibu kwenye tiba badala ya kumfunga. Leo mahakama za aina hiyo nchini humo zimepita 3,000.

Kabla ya kikao, hakimu, mwendesha mashtaka, wakili wa utetezi, afisa wa probesheni na mtoa tiba hukaa pamoja kumjadili kila mtu kwa jina lake. Kisha mhusika huitwa mbele, na hakimu huzungumza naye mwenyewe. Unalala wapi siku hizi? Ile kazi uliyoiomba imefikia wapi? Mkojo hupimwa kwa kushtukiza. Akiwa safi, hupigiwa makofi mahakamani. Akiteleza, huongezewa tiba au kazi za jamii, na akizidi kukaidi hulala mahabusu siku chache. Mwanzoni hurudi mara kwa mara, baadaye kwa nadra, na safari yote huchukua mwaka au zaidi. Akimaliza, mara nyingi mashtaka hufutwa au kifungo humwondokea. Tafiti nyingi za huko zimeonyesha kuwa waliopitia mpango huo hukamatwa tena kwa uchache kuliko wenzao wasioupitia. Mimi naamini siri kubwa ni yule hakimu mmoja asiyebadilika: kijana aliyezoea kufukuzwa kila mlango anakuta mwenye cheo anayemkumbuka.

Baadhi ya mahakama hizo ziliwanyima watu methadoni, dawa inayotuliza arosto. Kosa hilo tusiliige hata kidogo. Methadoni kwetu ipo: hospitali ya Muhimbili, Tanzania, ilianza kuitoa mwaka 2011, Kenya ikafuata, na leo Malindi na Kisauni zina kliniki. Sheria ya Kenya ya kutumikia jamii badala ya kifungo ipo tangu 1998. Anayekosekana ni wa kuviunganisha.

Ndiyo maana nakuomba wewe, mzee wa mtaa, imamu, mchungaji, mama mwenye mwana maskani: ulizia Kamati ya Watumiaji wa Mahakama ya eneo lako, upeleke hoja hii. Ombeni itengwe siku maalumu ya kesi za waraibu, na mhudumu wa kliniki awepo. Wauzaji wasipenyezwe humo. Hao wana kesi yao. Na siku kijana wako atakapoitwa, nenda naye, ukae benchi la mbele, hakimu ajue ana kwao.