Mundu wetu siyo silaha ya kigeni

Ndugu na dada zetu wa grupu, leo tunaongea wazi, na tunajua kuna watakaokasirika.

Munajua ule mchezo wetu wa Jumamosi kule Buyenzi: karatasi, kalamu, dadu, kila mtu na mhusika wake, mmoja anasimulia na wengine wanaamua watafanya nini. Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974. Jumamosi iliyopita dada mmoja alileta mhusika wake mpya, mwanamke wa milimani anayebeba umuhoro wa bibi yake, kile kisu cha ncha iliyopinda cha kukatia migomba. Msimulizi akafungua kitabu, akatafuta, hakuona. Akasema: basi hiyo ni silaha ya kigeni, kila ukipiga tunakutolea nne. Dada akanyamaza. Sisi wengine mezani tukanyamaza pia, na hilo ndilo linatuuma.

Silaha ya kigeni! Hapa Bujumbura! Na upanga mrefu wa Ulaya, ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuushika, eti huo ni wa kawaida.

Tukisome hicho kitabu vizuri, juu wengine wanakitetea bila kukisoma. Toleo la tatu, la mwaka 2000, linagawa silaha mafungu matatu: nyepesi, za vita, na za kigeni. Kwenye nyepesi, za watu wa kawaida, kuna mundu wa Ulaya. Kwenye za kigeni kuna kama. (Siyo ile kama yetu ya kusema kama mvua ikinyesha.) Ni mundu wa wakulima wa Japani, kwa Kijapani neno lenyewe maana yake ni mundu tu, basi. Kitabuni vyote viwili vinaumiza sawa, dadu ya pande sita.   Lakini kimoja unakishika bure, kingine mpaka usomee, la sivyo unatolewa nne. Tofauti iko wapi? Iko kwa mkono ulioshika.

Mutasema ni ugumu wa kujifunza. Sawa. Upinde mrefu Waingereza waliuanza wakiwa watoto ili wauweze, mbona hauko kwenye za kigeni? Mutasema kuna upanga wa Ulaya pia mule, bastard sword. Kweli upo. Ila ukiushika kwa mikono miwili, kitabu kinakuhesabia silaha ya vita ya kawaida. Umeachiwa mlango. Mundu wa Mjapani haukuachiwa.

Na mujue, wenye mchezo wenyewe walilifuta fungu hilo kwenye toleo la 2014. Sisi ndio tumebaki na fotokopi ya zamani tunaishika kama Biblia.

Kuna wengine wanakosea upande wa pili. Wanataka kila kitu cha Afrika kiwe cha ajabu, ndiyo kipendeze. Wanaleta kpinga, kisu cha kurusha cha Wazande wa kaskazini mwa Kongo, makali yanatoka pande tofauti. Picha yake ni nzuri kabisa, hatukatai. Lakini huko Afrika ya Kati visu vya namna hiyo vilikuwa pia pesa, vilikuwa mahari. Watu walioa navyo. Hilo mbona hamuliandiki kwenye karatasi ya mhusika?

Sisi tunaojitolea kambini tunajua orodha ni nini. Mtu jina lake likiandikwa kwenye safu isiyo yake, anarudi nyumbani bila unga na bila maharagi, na anayesoma orodha anamwambia siyo mimi, ni karatasi. Tumeona hayo kwa macho. Halafu Jumamosi, siku yetu ya kupumzika, tunakaa mezani tunamfanyia mwenzetu vile vile, na hakuna hata aliyetulazimisha.

Tunavyotaka ni hivi. Umuhoro uingie kwenye nyepesi, pamoja na jembe, fimbo ya mchungaji na mchi. Mkuki na upinde wa hapa viingie vilivyo, bila kutolewa kitu. Panga tunaliacha nje ya mchezo. Siyo juu ni la ajabu. Kuna wenzetu wanaolijua sana, na walishatuomba.

Jumamosi saa nane tunaandika orodha upya. Anayetaka ile nne ibaki aje aitetee mbele ya yule dada.